HiAce ya 1999 na E-Class ya 2018: uzoefu wangu wa kuendesha zote mbili

Kwa miaka kumi na mmoja nimesambaza makochi na makabati kwa HiAce ya mizigo, lile toleo la H100 lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1989. Yangu ni ya 1999, injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina tu, ujazo wake ni lita 2.8), haina turbo, gia za mkono. Mwaka jana nikapata pia Mercedes-Benz E 200 ya 2018. Kila nikikutana na madereva wenzangu swali ni lile lile: ipi bora? Nimeshazizoea zote mbili, kwa hiyo naweza kujibu bila kubahatisha.

Kwa mizigo hakuna mashindano. Buti la E-Class lina lita 540, mabegi ya familia yanaingia vizuri, lakini kabati la milango miwili halipiti hata ukiomba dua. HiAce unafungua mlango wa nyuma, sakafu imenyooka mpaka mgongoni mwa dereva, na springi za majani huko nyuma zinazidi kutulia kadiri unavyoongeza uzito. Ikiwa tupu inarukaruka mpaka meno yanagongana.

Injini ya HiAce imekaa chini ya viti vya mbele. Faida yake ni kwamba unanyanyua kiti na kila kitu kiko mbele ya macho yako. Pampu ya maji ilipoanza kufa niliitambua kwa mlio wake siku mbili kabla haijavuja, na fundi akaibadilisha kwa spana za kawaida. Ikifika kilomita 100,000 taa ya T-BELT inawaka kwenye dashibodi kukukumbusha mkanda wa taimingi, na hiyo ndiyo elektroniki karibu yote iliyomo. Hasara yake ni joto na kelele. Baada ya kuendesha kwa muda wa saa sita paja linakuwa limepikwa, masikio yanavuma, na nyumbani naongea kwa sauti ya juu bila kujijua.

E-Class ni kimya, na kwangu huo ndio ufahari wenyewe kuliko ngozi ya viti au vioo vya skrini. Giaboksi ina gia tisa. Ukifika kilomita 100 kwa saa injini inazunguka polepole kiasi kwamba unasikia matairi tu. Safari ile ile iliyokuwa ikinilaza kitandani siku nzima, sasa nashuka na kwenda moja kwa moja kazini. Nina miaka 46. Mgongo wangu unaijua tofauti hiyo vizuri sana.

Ila inataka utulivu wa moyo na mfuko. Ikiwasha taa ya injini, hakuna cha kusikiliza wala kunusa, unatafuta fundi mwenye kompyuta inayoielewa. Kwenye matuta marefu napita kwa mshazari nikiwa nimeshikilia pumzi. Tairi la spea haina; yangu imefungwa matairi yanayoweza kutembea bila upepo kama kilomita 80, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na ukiwa umejaza watu umbali huo unapungua. Nilipochomwa na msumari usiku nilifika nilikokuwa nakwenda bila kushuka, nikashukuru. Kulipokucha ndipo nikaona kazi ya kulitafuta tairi la saizi ile.

Kilichonibadilisha mawazo ni breki. Siku moja ya mvua lori lilisimama ghafla mbele yangu nikiwa na E-Class. Nilikanyaga kwa nguvu zote, pedali ikatetemeka chini ya mguu, usukani ukaendelea kunitii, nikapita pembeni. Wiki haikuisha, nikiwa na HiAce tupu, barabara imelowa, yakanikuta yale yale. HiAce yangu haina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu ya mbele yalijifunga, nikageuza usukani na gari likaendelea kunyooka kana kwamba sijagusa kitu. Lilisimama hatua mbili kabla ya bampa la mwenzangu. Nilipotazama chini niliona jambo nililokuwa nalijua miaka yote bila kulifikiria: mbele ya magoti yangu kuna dashibodi, bati na taa, basi. Kwenye E-Class kuna boneti nzima ya kukunjamana kabla pigo halijanifikia, na mifuko ya hewa juu yake.

Wapo wanaosema gari la zamani ni chuma, ndilo salama. Mimi nilikuwa mmoja wao. HiAce ni imara, na sitaiuza, kwa sababu ndiyo inayonilisha. Lakini uimara wa kubeba mzigo na usalama wa aliyemo ndani ni mambo mawili tofauti, na mtoto hajui kutofautisha, anapanda tu pale baba alipomwambia apande.

Nyuma ya kiti changu kulikuwa na benchi nililolifunga mwenyewe ili niwapeleke watoto shule, halina hata mkanda. Jioni ile ile nililifungua, boliti nne. Nafasi yake sasa nasimamisha vioo vya makabati.