Mwana wa mfalme asiyefungua mdomo: uzoefu wangu na Dragon Quest Monsters: The Dark Prince

Nianze na hukumu, kwa mwenye haraka. Kama gemu ya kukamata madubwana, kuwafuga na kuwachanganya damu, The Dark Prince ni tamu: utaapa unazima sasa hivi, kisha utasikia adhana ya alfajiri. Kama hadithi, inaudhi, na inaniudhi kwa jambo moja. Mhusika wake mkuu hasemi.

Wazoefu wataguna. Hilo nalo la kulalamikia? Gemu za madubwana ndivyo zilivyo. Tangu Pokémon ya kwanza ilipotoka Japani, Februari 1996, unayemwongoza ananyamaza, wengine ndio wanaosema. Mimi sina ugomvi na ukimya huo, nimekua nao. Kwenye Game Boy, mashine ndogo ya gemu ya mkononi, mhusika alikuwa vidoto vichache vyenye kofia, uso wake huuoni vizuri, na muda mwingi unatazama mgongo. Nani angedai hotuba hapo? Ile ilikuwa nafasi iliyoachwa wazi ili uingie wewe. Gemu ilikuuliza jina, nawe ukaandika lako, mradi lisizidi herufi saba. (Kina Mwanaidi na Abdallah walikatwa mkia. Kina Juma na Asha hawakujua tabu hiyo.)

Nafasi yenyewe, tusidanganyane, haikuwa wazi kwa kila mtu. Ilikuwa ya mvulana. Msichana alisubiri hadi Pokémon Crystal, Desemba 2000, na mwenye ngozi nyeusi alisubiri hadi Pokémon X na Y mwaka 2013 ndipo akaulizwa anafananaje. Lakini kanuni ilieleweka: huyu hana maneno kwa sababu maneno unayo wewe uliyeshika mashine.

Sasa mtazame Psaro. The Dark Prince, iliyotolewa na kampuni ya Square Enix kwa mashine ya Nintendo Switch Desemba 2023, inakupa kijana aliyekwisha kuwa na jina lake, wazazi wake na kisasi chake. Mama ni binadamu. Baba, Randolfo, ni mfalme wa madubwana, na baba huyo anamlaani mwanawe: asiweze kumdhuru kiumbe yeyote mwenye damu ya dubwana. Ndipo Psaro anapolazimika kuwa mfugaji. Yeye hawezi kupiga, basi atawatuma wengine wampigie. Nimecheza gemu nyingi za aina hii na sijaona nyingine iliyojibu vizuri hivi swali ambalo kila mtoto huuliza siku ya kwanza: kwani yeye mwenyewe mbona hapigani?

Msingi mzuri namna hiyo, halafu mwenye laana hatoi neno. Anamwokoa Rose, elfi ambaye machozi yake hugeuka yakuti nyekundu na kwa hiyo wenye tamaa hawamwachi alie kwa amani. Anaandamana na binadamu aitwaye Toilen Trubble. Mazungumzo yanabaki kuwa ya Rose na Toilen, na katikati yao amesimama mtu ambaye hadithi yote ni yake, kakaza macho. Mtu aliyelaaniwa na babake mzazi! Walau angesonya.

Kinachouma zaidi ni kwamba Psaro alikuwa na maneno. Waliocheza Dragon Quest IV, gemu ya zamani ya ukoo huo huo iliyotoka Japani mwaka 1990, wanamfahamu vizuri. Humo ndiye adui, na anachukia wanadamu kwa sababu anayoweza kuisema: yale waliyomfanyia Rose. Alitisha kwa kuwa alikuwa na hoja. The Dark Prince inakurudisha kuyaona maisha hayo hayo kwa upande wake. Nilikaa kitako nikisubiri kusikia upande huo kutoka kinywani mwake, nikaambulia ishara ya kichwa.

Linganisha na Red, mhusika wa Pokémon ile ya kwanza. Mwaka 1999, kwenye Pokémon Gold na Silver, ukishamaliza karibu kila kitu unapanda Mt. Silver, na kule juu unamkuta yule yule uliyemwongoza 1996. Unamsemesha. Kisanduku cha maneno kinafunguka na ndani yake mna nukta tupu. Kisha anamtoa Pikachu wa levo ya 81 na unajuta kupanda. Zile nukta zilinipiga kuliko hotuba yoyote, maana nilijua ukimya ule umetoka wapi: maneno ya Red nilikuwa nayo mimi, na waliotengeneza gemu hawakuthubutu kuyagusa. Psaro kafanyiwa kinyume. Alikuwa na sentensi zake, zikachukuliwa, na sikupewa mimi. Siwezi kujifanya ndiye, kwa sababu kila mtu ndani ya gemu anamjua yeye. Wala siwezi kumsikiliza.

Wapo watakaosema ndivyo Dragon Quest ilivyo, shujaa wake hasemi. Sawa. Yuji Horii, aliyeianzisha, ndiye aliyeifanya desturi. Lakini mwaka 2024, akiongea na Katsura Hashino, mtengenezaji gemu wa kampuni ya Atlus, Horii mwenyewe alikiri kuwa kadiri michoro inavyokaribia uhalisia, mhusika anayesimama tu bila kuitikia anaonekana mjinga. Amesema mwenye nyumba, mimi nani nibishe.

Na maneno yake hayaigusi Dragon Quest peke yake. Pokémon Moon ya 2016, kwenye Nintendo 3DS, nyumbani kwetu ilikuwa ya mpwa wangu, na mwanzoni ukimya wa mhusika ulimfaa ajabu. Gemu ile ina lugha tisa za kuchagua na Kiswahili hakimo. Kwa hiyo mimi nasoma Kiingereza namfasiria, na zamu ya mhusika kujibu ikifika anajibu yeye, kwa sauti, kwa Kiswahili cha uani. Lillie, msichana anayeandamana na mhusika, akimwomba msaada kwa adabu zake zote, anaambiwa "twende basi, unatuchelewesha." Profesa Kukui akimpa maelekezo marefu, anaambiwa "tumeshaelewa, baba." Mhusika mwenye maneno yake mwenyewe angemziba mdomo yule mtoto. Kwetu sisi jambo hili lina uzito ambao Mjapani au Mwingereza hatauona haraka: kila anayezungumza ndani ya gemu hizi anazungumza lugha ya watu, na asiyezungumza ndiye pekee anayeweza kuwa wa kwetu.

Kuna tukio la daraja, mapema kabisa. Nebby, kiumbe kidogo anayebebwa kwenye begi la Lillie, anashambuliwa na Spearow, Pokémon wa umbo la ndege, katikati ya daraja bovu. Mhusika anakimbia na kumkinga kwa mwili wake, daraja linakatika. Hakuna neno lililosemwa, na lingesemwa lingeharibu. Mpwa wangu alisimama kwenye kochi.

Kisha hadithi ikawa nzito. Lusamine, mama yake Lillie, anamtolea binti yake maneno ambayo mzazi hapaswi kuyatoa, na kamera ikaja karibu na uso wa mhusika wetu. Anatabasamu. Lile tabasamu la picha ya mgombea iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Likaendelea hivyo hivyo mbele ya kila msiba.

"Mjomba, mbona anacheka na mwenzie analia?"

Nilimwambia labda amezubaa. Hakuridhika, na kuanzia hapo alipunguza kumjibia. Akawa anamwita "huyu". Kabla ya hapo alikuwa anasema "mimi".

Wanaoandika kuhusu gemu wamelilaumu tabasamu lile sana, na mara nyingi wanahitimisha kwamba mhusika asiyesema amepitwa na wakati. Sikubaliani. Mpwa wangu hakulalamika kwamba mhusika hasemi, alilalamika kuhusu uso. Ukiniambia huyu ni wewe, usinionyeshe uso wake ukihisi kitu ambacho mimi sikihisi. Nigeuzie mgongo, au fanya uso ule ubadilike. Na ukiniambia huyu ni Psaro, mwache Psaro aseme. The Dark Prince imekaa katikati ya barabara, si kwangu wala si kwake.

Pokémon Black na White za mwaka 2010 zilipata njia nyingine, na mpaka leo sijui kwa nini haikuigwa zaidi. Mnapokutana mara ya kwanza na kijana N, mjini Accumula, anakwambia amemsikia Pokémon wako akisema kitu. N anadai anasikia sauti zao. Wewe bado umenyamaza, lakini mnyama uliyemlea ameanza kukutolea ushahidi mbele ya mtu mwingine. Nilitamani sana madubwana wa Psaro wapewe kazi hiyo. Kijana asiyesema, na kikosi kizima kinachojua anachokifikiri: hadithi ingekuwa imejitengeneza yenyewe.

Baada ya kulaumu hivyo, niseme kilichonikesha. Kukamata hapa hakuna mpira wa kumrushia mnyama kama kwenye Pokémon. Ukimtamani dubwana mnayepigana naye, madubwana wako wanamwonyesha nguvu mmoja mmoja, asilimia inapanda, na ikitosha bahati anajiunga nanyi. Kikosi ni wanne, mkubwa wa maumbile anachukua nafasi mbili, na wengine wanakaa akiba. Utamu wenyewe uko kwenye kuchanganya. Wawili wakifika levo ya 10 unaweza kuwaunganisha wakawa mmoja mpya. Wazazi wanatoweka, mtoto anaanza levo ya 1 akiwa amerithi ujuzi wao. Aina za madubwana zinapita 500, kwa hiyo kila ukipata mmoja unaona wengine watatu wanaoweza kutoka kwake, na hapo ndipo usiku unapokwenda.

Humo ndani, kwa kweli, Psaro nilimsahau. Jina lake si langu na kisasi chake si changu, lakini kikosi ni changu kabisa. Yule mkubwa anayekula nafasi mbili nimemwita Kodi. Nina Slime, dubwana dogo dhaifu, ambaye kila mwenye akili angemchanganya na mwingine mapema, nami nimemgomea, anakaa akiba hadi leo akiitwa Shangazi. Ukitazama kikosi changu utanijua kuliko ukiniuliza maswali. Mandhari ni ya kawaida sana kwa macho ya leo, ingawa misimu inayobadilika ukiwa njiani inasaidia, maana kiangazi utamkuta huyu na majira ya baridi utamkuta mwingine mahali pale pale.

Kununua au kutonunua? Kama unataka kufuga na kuchanganya, nunua, na si lazima uwe na Switch: tangu 2024 ipo pia kwenye simu na kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta. Kama umevutiwa na hadithi ya mwana wa mfalme aliyelaaniwa, tafuta kwanza Dragon Quest IV, ambayo iko kwenye simu tangu 2014 na haihitaji simu ya bei mbaya. Toleo hilo lina sura ya sita ambayo ile ya 1990 haikuwa nayo. Humo Psaro anaingia kwenye kundi lako, na anasema.