FL Studio ikiwa peke yake na ikiwa ndani ya REAPER: tathmini kutoka studio ya Majengo

Katika studio yetu ndogo ya Majengo, Mombasa, kazi nyingi ni za harusi: kasida, chakacha na, mara mojamoja, bango. Biti zote nazitunga kwa FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ilhali waimbaji nawarekodi kwa REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti. Kwa kuwa FL Studio huweza kufunguliwa yenyewe au kupakiwa kama plagini ndani ya programu nyingine, nimeipima kwa njia zote mbili kwa kazi hizihizi za hapa kwetu.

Kwa kutunga mdundo, sioni sababu ya kuifungua ndani ya programu nyingine. Chakacha huenda kwa mapigo ya 6/8, na tangu toleo la 20 la mwaka 2018 liruhusu kubadilisha hesabu ya mapigo katika kila bari, naweza kulaza vumi na msondo chini, kisha nikaweka chapuo juu yake, bila kuilazimisha ngoma ya pwani iingie katika gridi ya nne kwa nne. Zaidi ya hayo, ikiwa peke yake ndiyo inayoshika kadi ya sauti, hivyo bafa, yaani idadi ya sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa, naipanga humohumo. Sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni takriban milisekunde 6, na mpiga kinanda hahisi kucheleweshwa. Nikipandisha hadi 512, muda huo hufika karibu milisekunde 12, na mpigaji mwenye mkono mwepesi huanza kuulizia tatizo liko wapi.

Ikiwa plagini, mamlaka hayo huhamia kwa REAPER: bafa, kasi ya wimbo, kuanza na kusimama, vyote huamriwa huko, nayo FL Studio hufuata. Kufuata huko ndiko kuliko na faida kubwa wakati kikundi kimo chumbani. Bibi mmoja aliyekuja na wenzake kurekodi nyimbo za kumpamba bi harusi alisikiliza bari chache, akaniambia, "Mwanangu, ngoma hii yakimbia." Nilibadilisha tarakimu moja katika REAPER na mdundo wote ukatulia pamoja naye, jambo ambalo lingenirudisha nyuma kama ningekuwa nimekwisha kuutoa kuwa faili la sauti. Vilevile kuna plagini ya njia nyingi, yenye hadi mikondo 16 ya stirio, ambayo huniwezesha kuipa kila ngoma mkondo wake katika mikseri ya REAPER.

Hata hivyo, njia hii yataka uangalifu. Kazi iliyofanywa ndani ya plagini huhifadhiwa pamoja na mradi wa REAPER, kwa hiyo anayeifuta plagini kwenye mkondo huifuta na biti yenyewe. Nilifanya kosa hilo, nikapoteza mpangilio wa jioni nzima, na tangu siku hiyo nahifadhi faili la FL kando kabla ya kugusa jambo jingine. Kompyuta nayo hubeba programu mbili kwa pamoja, na ile yenye kumbukumbu ndogo itaelemewa.

Kwa anayefikiria kununua, toleo la majaribio huhifadhi miradi lakini haliifungui tena mpaka ulipie leseni. Ukishalipa, matoleo mapya huyapata bila malipo maishani, na kwa prodyuza anayelipwa harusi kwa harusi naona hilo lina uzito kuliko bei ya siku ya kwanza.

Kwa sasa natunga FL Studio ikiwa peke yake, natoa kila ngoma kama faili la sauti la WAV la biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa sauti, si mdundo) na kuyaingiza yote katika REAPER. Plagini naifungua tu pale waimbaji wanapokuja kabla mwendo wa wimbo haujakubaliwa, na wakishaukubali, nayatoa mafaili hayo siku hiyohiyo.