OpenAirInterface pamoja na USRP B210: chombo cha kujifunzia SSB na PRACH, ukiijua mitego yake

Anayetaka kuona jinsi simu ya 5G inavyopiga hodi mnarani kupitia mkondo wa PRACH, na jinsi hodi hiyo inavyovurugika ishara za kusawazisha (SSB) zikibadilishwa, atapata mengi kwenye OpenAirInterface. Ni programu ya mnara iliyoanzia EURECOM, Ufaransa. Inapakuliwa bure na msimbo wake uko wazi. Ukiiunganisha na redio ya USRP B210 kupitia USB 3.0, unapata seli kamili ya bendi n78 yenye upana wa MHz 40, yaani bloku 106 za masafa. Kwa upana huo anzisha programu kwa alama ya -E, sampuli zishuke kutoka milioni 61.44 hadi 46.08 kwa sekunde. Ukitumia na upande wa simu wa programu hiyo hiyo, nao uwekee -E, la sivyo hazitasikilizana kabisa.

Kinachowaumiza wengi ni faili la usanidi. Karibu kila thamani ni namba ya nafasi kwenye orodha, wala si kipimo chenyewe. ssb_periodicityServingCell = 2 maana yake ni milisekunde 20; 5 ni milisekunde 160. preambleTransMax = 6 ni majaribio 10 ya kupiga hodi. ra_ResponseWindow = 4, yaani muda wa kungoja jibu la mnara, ni sloti (vipande vya muda) 10, ambazo kwa nafasi ya kHz 30 kati ya mawimbi madogo (subcarrier) ni milisekunde 5 tu. Anayesoma namba hizi kama zilivyo atahangaika siku nzima.

Kipindi cha SSB ndicho rahisi kubadili, lakini simu inayotafuta seli kwa mara ya kwanza huchukulia kwamba SSB inarudi kila milisekunde 20. Ukipanda hadi 80 au 160, usishangae simu ikipita bila kuiona seli. Kipindi hicho, hata hivyo, hakigusi ugawaji wa nafasi za PRACH, yaani nyakati ambazo simu inaruhusiwa kupiga hodi. Kinachougusa ni idadi ya SSB zinazorushwa, yaani ssb_PositionsInBurst_Bitmap.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ramani hiyo ya biti ikiwa 1, SSB ni moja na nafasi zote za PRACH ni zake. Ukiweka 3 (biti mbili, 11), SSB zinakuwa mbili na nafasi zinagawanywa kwa zamu, hivyo kila moja inabaki na nusu. Tuseme sasa una SSB 8 na nafasi 3 tu katika kila milisekunde 10. Mizunguko mitatu ya milisekunde 10 ingetosha, lakini kiwango kinaruhusu 1, 2, 4, 8 au 16 pekee, kwa hiyo ugawaji unachukua milisekunde 40. Ndani yake kuna nafasi 12. Nane zinatumika na nne zinakaa bure. Simu iliyochagua mwale (SSB) wa nane inangoja hadi zamu yake ifike, na kuchelewa huko hakuna uhusiano wowote na ubora wa mawimbi.

Dawa ni kuweka SSB mbili kwenye nafasi moja: ssb_perRACH_OccasionAndCB_PreamblesPerSSB_PR inatoka 4 kwenda 5. SSB ya pili sasa inaanzia priambuli (msimbo ambao simu hurusha ikipiga hodi) namba 32 kati ya 64. Mstari unaofuata, wa idadi ya priambuli kwa kila SSB, lazima ubadilike nao. Thamani 14, yaani priambuli 60, ilikuwa sawa kwa SSB moja. Kwa mbili, orodha inaishia kwenye 7, yaani priambuli 32. Ukiiacha 14, umeandika thamani isiyokuwepo kwenye kiwango.

Kosa jingine linahusu nguvu. Simu hukadiria upotevu wa njiani kwa kutoa RSRP (nguvu ya ishara) iliyoipima kwenye ssPBCH_BlockPower iliyotangazwa. Ukipunguza nguvu kwa att_tx bila kushusha namba hiyo, simu inadhani iko mbali, inapaza sauti, na kipokezi kinalemewa. Kumbuka pia kwamba simu ikihamia SSB nyingine, kaunta ya kuongeza nguvu haipandi katika jaribio hilo.

B210 yenyewe ina udhaifu wa saa. Kosa la mbili kwa milioni, kwenye GHz 3.6, ni kHz 7.2. Redio mbili, ya mnara na ya simu, zikikosea kinyume ni kHz 14.4, karibu nusu ya nafasi ya kHz 30. Katika milisekunde 160 muda nao unaweza kuteleza mikrosekunde 0.64, zaidi ya hatua mbili za marekebisho ya muda. Zilishe redio zote mbili MHz 10 kutoka chanzo kimoja. Kiigaji cha rfsim hakitakuonyesha tatizo hili, ingawa ni kizuri kwa kuhakiki faili kabla ya kugusa redio.

Logi ni nguvu kubwa ya programu hii: inakupa freimu na sloti, namba ya priambuli, nishati yake kwa dB, kizingiti na ucheleweshaji. Kizingiti cha 120 ni dB 12.

Upungufu mkubwa ni kwamba faili husomwa wakati wa kuwasha. Anayetafiti Toleo la 19 la 3GPP (shirika la viwango vya simu), ambamo kipindi cha SSB na nafasi za PRACH hubadilika seli ikiwa hewani, ajiandae kuandika msimbo wa lugha ya C. Na kama huna kibali cha masafa kutoka TCRA ya Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, tumia kebo na atenueta (kipunguza nguvu) ya dB 30 au zaidi badala ya antena.