Hilux ya 3L baada ya taiming belti kukatika: gereji ya Malindi niliyoitumia

Injini ya 3L ya Toyota ni dizeli ya lita 2.8, silinda 4 na vali 8, na belti moja, yaani taiming belti, ndiyo inayozungusha kamshafti (shafti inayofungua vali) pamoja na pampu ya dizeli. Ikikatika gari likiwa mwendoni, kamshafti husimama papo hapo, krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) inaendelea kuzunguka, na pistoni zinazigonga vali zilizobaki wazi. Ndivyo pikapu yangu ilivyozimika kwenye barabara ya Marafa. Gereji iliyoitengeneza naisifia kwa mengi, na kwa jambo moja nina lawama.

Fundi hakupiga stata hata mara moja. Alifungua kifuniko cha oili juu ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba vali), akamulika tochi, akamwambia msaidizi azungushe krankshafti kwa spana, taratibu, asimame akihisi kizuizi. Kamshafti haikutikisika, na jibu likawa limepatikana: belti imekatika. Anayepiga stata ili "asikilize" anaziponda hata vali zilizosalimika. Kwa sababu hiyo hiyo, gari likivutwa liwe kwenye gia huru.

Wapo watakaokushauri ufunge belti mpya kwanza, muone kama itawaka. Kwa injini ya petroli kama 5A-FE ya Corolla ushauri huo una maana, maana pistoni zake hazizifikii vali. Kwa 3L ni hasara juu ya hasara.

Hedi iliposhuka, vali 5 zilikuwa zimepinda na shimu 2 (visahani vya chuma vya kurekebisha nafasi ya vali) zimepasuka. Kamshafti ilikuwa nzima, na hiyo ilikuwa bahati, kwani kuna dizeli ambazo kamshafti hukatika vipande. Tulibadilisha vali zote 8. Iliyopinda kwa kiasi cha unywele huioni kwa jicho, lakini haikai vizuri kwenye kiti chake, inavujisha kompresheni, na baada ya muda inaungua. Mirija inayoongoza vali ilikaguliwa mmoja mmoja, kwa kuwa vali ikigongwa kutoka chini huweza kuupasua mrija wake.

Hedi ikapelekwa Mombasa, kilomita 120 hivi, kupimwa nyufa na kusawazishwa kwa mashine. Hedi za 3L zilizowahi kuchemka hupasuka katikati ya vali mbili. Hii haikuwa na ufa, ila njia za maji zilikuwa zimeanza kulika. Huku kwetu visima vingi vina chumvi, na maji yake yanaishia kwenye rejeta. Sasa natia kulanti (maji maalumu ya rejeta) tu. Iliporudi, vali zilisagwa kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia, kisha petroli ikamiminwa kwenye matundu ya hewa na ya moshi na kuachwa dakika 10. Hakuna tone lililopenya upande wa pistoni.

Lawama yangu ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Fundi alitaka kufunga ile iliyokuwa dukani siku hiyo. Gasketi za 3L zina unene tofauti, zimewekewa alama, na unaichagua kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku zikifika kileleni. Nyembamba kupita kiasi inaisogeza pistoni karibu na vali. Nene kupita kiasi inashusha kompresheni, na gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Ilinibidi nisisitize ndipo kikaletwa kipimo cha saa (dial gauge). Kipimo kikaonyesha kuwa ile ya dukani haifai, tukasubiri siku mbili ije nyingine. Gereji inayofungua injini za dizeli kila wiki haifai kungoja mteja aseme hilo.

Walipofika kwenye chanzo cha tatizo, hapo waliifanya kazi yao barabara. Belti ya 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000, taa ya T-BELT inapowaka kwenye dashibodi. Yangu ilikuwa na 60,000 tu. Fundi aliipindua, akanionyesha meno yaliyolainika na kulowa oili: sili ya mbele ya kamshafti ilikuwa ikivuja. Tena kifuniko cha chini kilikosa boliti 3, na mchanga ulikuwa umejikusanya kwenye puli. Belti mpya juu ya sili ile isingefika mbali. Kwa hiyo zilibadilishwa sili za kamshafti, krankshafti na shafti ya pampu, beringi ya tenshona (kikaza belti) na springi yake, na kifuniko kikapata boliti zote.

Boliti za hedi zilikazwa kwa nyutonimita 78 kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha kila moja ikazungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. Fundi alitia alama ya rangi juu ya kila boliti ili asiruke hata moja. Nafasi za vali zilipimwa injini ikiwa baridi: 0.20 hadi 0.30 mm upande wa hewa, 0.40 hadi 0.50 upande wa moshi. Shimu hazipatikani kwa urahisi hapa mjini, kwa hiyo kwanza alizihamisha kutoka vali moja hadi nyingine kufuatana na vipimo, na mwishowe tukanunua 2 tu. Nilipenda sana uangalifu huo.

Belti ilipokaa kwenye alama zote tatu, injini ilizungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, tenshona ikakazwa, alama zikakaguliwa upya. Hewa ilitolewa kwenye mfumo wa dizeli kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Stata ya pili, ikawaka.

Malipo ya kazi tulipatana kabla ya kufungua, vipuri nikanunua mwenyewe, na vali za zamani nilikabidhiwa kwenye mfuko. Siku 12 kwa jumla. Kompresheni ilikuwa karibu sawa kwenye silinda zote nne. Baada ya kilomita 1,000 nilirudi, wakafungua kifuniko cha juu cha belti na kupitisha kitambaa cheupe chini ya sili ya kamshafti. Kilitoka kikavu.