Karanti nyekundu huku Oulu: mche wa Jonkheer umekufa, Hollantilainen unadunda

Wadau mlioko Finland hasa huku juu kaskazini, msimu wa kununua miche ndo huu, kabla hujatoa hela soma kwanza.

2017 nilinunua miche miwili ya karanti nyekundu duka moja la bustani, wenyeji wanaziita punaherukka, yale matunda madogo yanayoning'inia vichala kama zabibu. Mmoja Jonkheer van Tets, mwingine ile ya zamani Punainen Hollantilainen. Muuzaji akaupamba sana ule wa kwanza, eti utakaa miaka 20. Matunda makubwa kweli na yanawahi kuiva, hapo siwezi kuupunja. Ila ni aina ya Uholanzi, kule baridi yao sio hii yetu, na shida yake inawahi mno kuchanua, jua la Mei likitoka siku mbili tatu maua yashafunguka halafu usiku barafu inashuka inayaunguza yote, kuna miaka miwili sikuchuma hata bakuli. Kila baridi ikiisha matawi yamekauka kuanzia nchani, mwaka juzi nikaung'oa.

Hollantilainen sasa, aisee! Matunda madogo, makali, mbegu kibao, ukila mabichi lazima ukunje uso, lakini juisi yake ukitia tangawizi wanangu wanagombania. Tangu ikomae haijawahi kuninyima. Na nyuma ya nyumba kuna shina lingine la hiyohiyo, bibi jirani anasema waliojenga ndo walilipanda miaka ya 80, na mwaka jana nimetoa ndoo nzima.

Ila lisipopogolewa halizai hivyo. Tawi likishapita miaka mitano sita linachoka, linatoa vitunda vya hovyo, kwahiyo theluji ikianza kuyeyuka kabla macho ya matawi hayajafunguka nakata matawi mawili matatu ya zamani kabisa, yale meusi, mpaka chini, machipukizi mapya yapate nafasi. Yaani shina lina miaka 40 ila matawi yote ni ya juzijuzi tu.

Hollantilainen nyota 5. Jonkheer kwa Oulu nyota 2, walioko kusini kama Turku wanaweza kuijaribu. Pale ulipokufa nimeshachomeka kijiti nilichokata kwenye lile shina la zamani, kimeshika, kina majani.