Chakula cha Miaka 30 Kwenye Kopo: Ununue au Uache?

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo mezani nina kopo kubwa la Mountain House, vifuko vyao viwili, na ndoo ya kampuni nyingine ambayo jina lake nimelifunika kwa karatasi. Tukifika kwenye ndoo mtaelewa kwa nini. Hiki ni chakula cha akiba ya dharura, kile kinachogandishwa kwanza kisha kikakaushwa. Msimu wa vimbunga umeanza, na Waswahili wengi wa hapa Houston wananiuliza kama kinastahili bei yake.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kinastahili, lakini nunua kidogo. Chukua vile tu ambavyo huwezi kuviweka akiba kwa njia nyingine, yaani nyama, mayai, matunda na mboga. Wali na maharage usivinunue hivi, utatupa pesa.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Chakula kinagandishwa hadi kiwe barafu, halafu kinaingizwa kwenye chumba ambacho hewa yake imenyonywa. Humo ndani barafu inakuwa mvuke moja kwa moja, haipiti kwenye maji. Kwa hiyo kipande cha nyama hakisinyai, kinabaki na umbo lake na vitundu vidogo vidogo, na ukikimwagia maji ya moto yanaingia kwenye vitundu hivyo. Michembe na ng'onda tulivyovizoea nyumbani vinakaushwa na jua, vinajikunja na kuwa vigumu. Hiki hapa kimetolewa karibu asilimia 98 ya maji yake. Sikilizeni nikikidondosha kwenye sahani. Umesikia? Ni chepesi mno.

Wenye Mountain House wako Albany, jimbo la Oregon, na walianza kwa kulipatia jeshi la Marekani chakula cha namna hii wakati wa vita vya Vietnam. Wanatoa dhamana ya ladha kwa miaka 30. Nafungua kifuko hiki cha nyama na tambi. Kwanza kabisa ninatoa hiki kipakiti kidogo. Ndani yake mna unga wa chuma ambao unashika kutu polepole na kumaliza oksijeni iliyobaki. Hakiliwi, na watoto wasikichezee. Namwaga maji yaliyochemka, nakoroga hadi chini kabisa, nafunga, nasubiri kama dakika 9. Nyama imelainika vizuri, mchuzi umeshika. Kwa mtu aliyekaa gizani siku ya tatu, hiki ni chakula cha heshima.

Lakini nimetumia maji, na nimetumia moto. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, umeme ukakatika kwa zaidi ya nyumba na biashara milioni 4, na maji nayo yakapata shida: mabomba yalipasuka, na mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Septemba 2024 kimbunga Helene kilipita North Carolina, na mji wa Asheville ukakaa siku 53 bila maji salama ya bomba. Mwenye kabati lililojaa vifuko hivi lakini hana maji, ana unga mkavu wa kutazama. Mamlaka za hapa zinashauri galoni 1 kwa kila mtu kwa siku, karibu lita 3.8, ya kunywa na usafi. Familia ya watu 5 kwa siku 3 ni galoni 15, na huo ni mwanzo tu. Nunua maji kwanza, tafadhali. Maji ni rahisi kuliko kila kitu nilichoweka mezani leo.

Na moto. Mama zangu, baba zangu, naomba sana: jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi. Baridi ile ya 2021 iliua watu hapa Texas kwa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Jenereta na jiko la kambi ni vya nje, mbali na madirisha. Ukikosa moto kabisa, chakula hiki kimeshapikwa, kwa hiyo maji baridi salama yanatosha; subiri tu muda mrefu zaidi, kama mara mbili.

Haya, ndoo. Hapa juu imeandikwa idadi ya milo kwa herufi kubwa. Nimefunika jina kwa sababu mtindo huu ni wa soko zima, na sitaki kampuni moja ibebe lawama za wote. Geuza ndoo, soma kalori. Tuseme ndoo ina milo 60 na kila mlo ni kalori 200: jumla 12,000. Mtu mzima anayehitaji 2,000 kwa siku ataimaliza kwa siku 6. Tena kwenye nyingi, sehemu ya hiyo "milo" ni vinywaji vya sukari. Kwa hiyo gawanya bei kwa jumla ya kalori ndipo ulinganishe ndoo na ndoo. Soma na sodiamu. Ushauri wa hapa ni mtu mzima asizidishe miligramu 2,300 kwa siku, na milo hii hufika hapo haraka sana. Mwenye presha asiitegemee bila kuzungumza na daktari wake.

Kuhifadhi: ile miaka 30 ni ya kopo lililokaa pakavu, gizani, chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Gereji ya Houston mwezi wa Agosti ni tanuri. Weka chini ya kitanda au kwenye kabati la nguo, ndani ya nyumba yenye kiyoyozi. Ukishafungua kopo, unyevu wa hapa unakiingia mara moja, kwa hiyo funika vizuri na kimalize ndani ya wiki moja hivi. Andika tarehe ya kufungua juu ya kifuniko.

Sasa wali na maharage, vile nilivyosema msivinunue hivi: mchele mweupe ukifungwa kwenye mfuko wa Mylar (plastiki inayong'aa kama fedha) pamoja na kile kipakiti cha unga wa chuma unaweza kukaa hata miaka 30. Vituo vya Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) huuza mchele na maharage makavu ya akiba, na si lazima uwe muumini wao. Mchele wa kahawia na dona usiviweke muda mrefu, mafuta yake huchacha; chukua sembe. Maharage makavu yaliyokaa miaka mingi yanagoma kuiva, na wakati wa dharura gesi ni ya kubana, kwa hiyo ongeza na ya kopo ya kawaida yaliyokwisha kupikwa. Na usisahau kifungulio cha mkono.

Kwa Waislamu: nyama niliyonayo hapa haina alama ya halali popote, nimeisoma pande zote. Mayai, mahindi, njegere na matunda ni rahisi zaidi, ila bado soma viambato. Wengi mnaniuliza duka lenye nyama ya aina hii iliyothibitishwa kuwa halali. Mwenye kulijua, aandike jina la duka na mji kwenye maoni hapo chini.