Pikapu za gitaa la umeme: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Wakuu, kila gitaa jipya la umeme likitoka mabishano ni yale yale, mmoja anasema hili halina kichwa nitalizoeaje, mwingine kashapenda zile freti (vile vyuma vya kwenye shingo) zilizokaa mshazari, wa tatu anauliza swali moja tu, lina pikapu gani, yaani ile sumaku yenye waya chini ya nyuzi inayogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme? Mi niko upande wa huyu wa tatu. Umbo la mbao macho yatalizoea, shingo mkono utaizoea, ila pikapu ndo mdomo wa gitaa, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuibadilisha bila kununua gitaa lingine. Nimezipanga hapa kuanzia ile ambayo ningemwambia mtu anunue kwanza mpaka ile ambayo ningemwambia asubiri. Kigezo changu ni kimoja, ukichomeka kwenye ampu yoyote, ya chumbani au ya jukwaani, bado unasikia mkono wako unavopiga.

Kabla hujatoa hela chukua bisibisi kwanza. Kandamiza uzi mnene na uzi mwembamba kwenye freti ya mwisho kabisa, pima nafasi kati ya uzi na kichwa cha pikapu. Kwa hambaka (pikapu ya koili mbili, koili ni waya uliozungushwa mara nyingi) milimita 2 na kidogo kwa pikapu ya upande wa shingo, na 1.5 hadi 2 kwa ya upande wa briji (pale nyuzi zinapokalia mwilini), ni pa kuanzia pazuri, kutoka hapo unaenda kwa masikio. Gitaa langu la kwanza la hambaka nililichukia miezi mingi, sauti ya shingo ilikua tope tupu, besi imejaa, noti hazitengani, nikawa nishajiandaa kununua pikapu mpya. Siku moja nikashusha ile ya shingo mizunguko miwili, alafu nikapandisha nusu mzunguko upande wa nyuzi nyembamba, nikapiga kodi ya E (noti kadhaa kwa pamoja) na kuiacha iendelee kulia, nikasikia uzi mmoja mmoja. Pikapu ile ile! Na kama una gitaa la singo koili (pikapu za koili moja) zenye sumaku kali angalia usizisogeze karibu mno, sumaku inavuta uzi, noti za juu zinayumba utadhani gitaa halijatyuniwa.

Sasa kama umefanya hayo yote na bado huridhiki, twende.

Namba moja ni hambaka ya mtindo wa PAF, na hapa sina wasiwasi hata kidogo. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliombea hataza (haki ya uvumbuzi) kifaa hiki 1955, kikaanza kuonekana kwenye magitaa 1957, na kwasababu hataza ilikua bado haijatoka (ilitoka 1959) wakawa wanabandika nyuma kibandiko cha kusema hataza imeombwa, herufi za kwanza za maneno hayo kwa Kiingereza ndo hiyo PAF. Ujanja wake uko hivi, koili ni mbili, zimesukwa ziwe kinyume na sumaku zake pia ziko kinyume, ule mvumo wa umeme wa ukutani ukiingia kwenye koili zote mbili unajifuta wenyewe, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Sio uchawi, ni hesabu tu, na mpaka leo miundo mingi mipya inazunguka wazo hilo hilo.

Kwanini ile ya zamani, isiyo na nguvu nyingi, ndo iwe ya kwanza? Kwasababu nguvu nyingi inapatikana kwa kuzungusha waya mwingi zaidi kwenye koili, na waya ukizidi sauti za juu zinapungua na katikati inavimba. PAF nyingi zinacheza kwenye ukinzani wa kilo-ohm 7 hadi 8 na nusu hivi, kwahiyo ukishusha volyumu kwenye gitaa sauti inasafika badala ya kuzibwa, ukiipandisha ampu inaanza kukwaruza vizuri. Distosheni (huo mkwaruzo) utaipata kwenye pedali ya mguuni wakati wowote, ila noti iliyozibwa tangu kwenye pikapu hakuna pedali ya kuirudisha. Ukitaka laini, ya kuimba, tafuta yenye sumaku ya Alnico 2 (Alnico ni aina ya aloi) kama pikapu iitwayo Seth Lover ya kampuni ya Seymour Duncan, ukitaka besi iliyokaza na juu iliyofunguka tafuta Alnico 5 kama '59 ya hao hao. Alafu hizo ohm zisikudanganye, waya mwembamba unasoma ohm nyingi hata kama mizunguko ni ile ile, kwahiyo namba peke yake haikuambii pikapu ipi ina nguvu.

Namba mbili P-90. Hii ni ya 1946, ya Gibson pia, koili moja pana, na kwa moyo wangu ningeiweka ya kwanza ila inavuma. Inavuma kweli, ukikaa karibu na taa za dimma (za kupunguza mwanga) au skrini ya kompyuta utaisikia. Lakini jamani ile sauti! Iko kati ya singo koili na hambaka, ina ukali mbele na nyama nyuma, na ukipiga kwa nguvu inakujibu kwa nguvu. Anayedhani ni ya bluzi tu akumbuke Tony Iommi wa bendi ya metali Black Sabbath alirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza kwa gitaa la Gibson SG lenye P-90. Uzuri ni kwamba zipo zilizotengenezwa kwa saizi ya hambaka, mfano Phat Cat ya Seymour Duncan, unatoa ile unaweka hii bila kuchimba mbao.

Namba tatu inawahusu wenye magitaa ya mtindo wa Stratocaster (lile la Fender la singo koili) waliochoka na mvumo. Zipo hambaka zilizobanwa ndani ya saizi ya singo koili, nyingine koili zimekaa ubavu kwa ubavu kama Hot Rails, nyingine moja juu ya nyingine. Zile za juu kwa juu ndo zinabaki karibu na sauti ya asili, za ubavu kwa ubavu ni nene zaidi, na kwa mtu wa roki anayetaka briji yenye nguvu zinafaa sana. Ila kabla hujanunua angalia gitaa lako kwanza, kama pikapu ya katikati imesukwa kinyume basi nafasi ya 2 na ya 4 kwenye swichi hazivumi tayari, labda hizo zinakutosha.

Namba nne Fluence za Fishman, na hapa ndo kwenye muundo mpya hasa. Badala ya kusuka waya wameweka koili iliyochapwa kwenye bodi nyembamba nyembamba za saketi zilizopangwa moja juu ya nyingine, alafu sauti inatengenezwa na saketi yenye betri, na pikapu moja inakupa sauti zaidi ya moja kwa kuvuta kitufe. Zimetulia kimya kabisa na nyuzi 7 au 8 zinasikika zote. Zingekua juu zaidi kwenye orodha yangu kama zisingekua zinakula betri haraka kuliko EMG (pikapu nyingine za betri, ziko namba sita), na kama nafasi ya kuweka hiyo betri isingekua tatizo kwenye magitaa mengi. Ukizinunua jizoeze kuchomoa waya kwenye jeki (tundu la waya la gitaa) ukimaliza kupiga, maana waya ukibaki mle betri inaendelea kuisha usiku kucha.

Tano ni zile za nguvu bila betri, Super Distortion ya DiMarzio ya 1972 na JB ya Seymour Duncan. Zina kazi yake, kama ampu yako ni safi mno na unataka ianze kukwaruza mapema basi zinaisukuma. Kwa mtu mwenye pedali nzuri siioni haraka.

Sita EMG 81 na 85. Nisieleweke vibaya, kwa metali zimekaza na hazina kelele, James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica waliitumia 81 miaka. Ila ni ununuzi wa seti nzima, zinataka poti (vile vifaa vya kuzungusha volyumu na toni) za kilo-ohm 25, jeki ya stirio na betri ya volti 9, kuchanganya na pikapu za kawaida kunaleta shida, kwahiyo subiri mpaka ujue hiyo ndo sauti unayoitaka.

Ukishachagua pima nafasi ya nyuzi kwenye briji, kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita, hapa nimeona watu wengi wakiumia. Hambaka za mtindo wa Gibson ni kama milimita 49 hadi 50, briji nyingi za mtindo wa Fender na Floyd Rose (briji inayoyumba kwa mkono) zinataka 52 hadi 53, na wauzaji wengi wana matoleo yote mawili kwa bei moja. Poti pia, singo koili kilo-ohm 250, hambaka 500, ukiweka hambaka kwenye 250 sauti ya juu inafifia na utailaumu pikapu bure. Kama unataka kuigawanya iwe koili moja hakikisha ina nyaya nne, sio moja.

Na begi, tafadhali. Mtu ananunua pikapu nzuri alafu gitaa analibeba kwenye kile kibegi chembamba kama koti la mvua. Kama gitaa lako kichwa kimelala nyuma, Les Paul na SG za Gibson kwa mfano, linavunjikia pale nyuma ya nati (kile kipande kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo) hata likianguka likiwa limesimama tu. Kwa safari na gari chukua kasha gumu, kwa kutembea nalo begi nene lenye kishikilia shingo ndani, kiwe kinabana shingo yenyewe huku kichwa kikielea bila kugusa kitu. Weka gitaa ndani, ingiza mkono chini ya kichwa, kama vidole havipiti begi hilo liache.

Pikapu ulizozitoa usizitupe. Zifunge kwenye mfuko na skrubu na springi zake, andika kwa peni ipi ya shingo ipi ya briji, na nyaya usizikate fupi, zitoe kwa kuyeyusha risasi ya kuchomelea pale kwenye poti, siku ukitaka kuzirudisha utakuta waya unafika.